Nilivyoingiza Lori Kivukoni kwa Rivasi

Nilikabidhi ufunguo wa lori mwezi uliopita, na umri wangu ni miaka thelathini na tatu. Pale yadi, ninyi madereva wenzangu mnasema nimestaafu. Mnanipokea kwa shikamoo za kejeli, nami naitikia marahaba kwa sauti nzito kama inavyotakiwa. Sababu mnaijua: jicho langu la kushoto limeanza kunidanganya kuhusu umbali. Daktari anasema naweza kusoma, kupika na kupanda mawe ya Kirumba bila shida, ila si vizuri nirudishe nyuma gari zito mahali penye watoto wa shule. Nilikwenda mwenyewe kumwambia tajiri, kabla jicho halijamwambia kwa njia yake.

Mmeniomba niwaandikie nilivyoanza. Nitaandika, lakini msitegemee hadithi ya shujaa. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nikiwa na woga ambao sasa nauonea huruma, na sehemu kubwa ya woga huo niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, kwa rula na penseli.

Nasema rula kwa sababu nilijifunza udereva kwenye daftari kwanza. Baba alikuwa fundi cherehani, nyumbani hatukuwa hata na baiskeli. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu, mahali barabara ya Kirumba inaonekana vizuri, nachora namna malori yanavyokata kona: tairi la mbele linapita wapi, la nyuma linapita wapi. Baadaye jirani mmoja mwenye Canter akaniruhusu niioshe kila Jumapili, na malipo yangu yakawa kuisogeza mbele na nyuma uwanjani. Mbele hatua kumi, nyuma hatua kumi. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Nilipokwenda kusomea leseni ya magari makubwa, mwalimu aliuliza nani alinifundisha. Nikasema nimejifundisha. Akasema, "Inaonekana. Unashika usukani kama unashika mtoto wa mtu."

Kazi niliipata Mirongo, kwa Mama Rehana. Wengi wenu mmemkuta akiwa ameshaanza kutumia miwani miwili kwa wakati mmoja, lakini wakati ule alikuwa anaona sindano iliyodondoka upande wa pili wa barabara. Familia yao ilikuja kutoka India enzi za babu yake, na dukani kwao wamewahi kuuza kila kitu, kuanzia vitambaa mpaka misumari, hadi yeye alipoamua kwamba watu wa Mwanza hawataacha kuoana, akaanza kukodisha viti, maturubai, sahani na masufuria ya shughuli. Alikuwa na Fuso mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Da Kulwa. Ya pili ilikuwa haina dereva.

Mama Rehana aliangalia leseni yangu, akaniangalia mimi, akaiangalia tena leseni.

"Una miaka mingapi, baba?"

"Ishirini na mmoja."

"Gari langu lina mingi kuliko wewe. Haya. Wiki tatu nikuangalie. Ukiweza, gari lako. Usipoweza, hatugombani."

Hayo maneno niliyaandika kwenye daftari siku hiyohiyo, nikayapigia mstari. Kila asubuhi baada ya hapo niliamka nikihesabu siku zilizobaki. Niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimeshamwambia baba kwamba mimi ni dereva, naye alikuwa amewaambia wateja wake wote, na kuna suruali za watu wengi Kirumba zilizopunguzwa huku wenyewe wakisikiliza habari zangu.

Da Kulwa ndiye niliyekabidhiwa anifunze. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, Msukuma wa Magu, mwanamke pekee aliyeendesha lori niliyemfahamu, na alipenda tumsalimie kwa "mwangaluka" asubuhi hata wale ambao Kisukuma chetu kiliishia hapohapo. Siku ya kwanza nilimkuta anafunga viti kwa kamba ya manila, mguu mmoja juu ya mzigo, anavuta kama anakamua nguo.

"Mwangaluka, Da Kulwa."

"Mwangaluka. Wewe ndiye Profesa?"

"Hapana, naitwa Idrisa."

"Nimeambiwa una daftari."

Nikamwonyesha. Alifungua ukurasa wa kona ya Mabatini, niliyokuwa nimeichora na vipimo vya hatua. Akaitazama kwa muda mrefu, nikadhani atasifu. Akasema, "Na hawa wauza ndizi wanaosogea mbele kila siku, umewachora wapi?"

Jina la Profesa likabaki. Lakini nilijifunza kwake mengi kuliko aliyojua anafundisha. Alinifundisha kuzunguka gari zima kabla ya kupanda, kwa mkono, si kwa macho: kugusa kila tairi, kila kamba, kila lachi ya kufungia bodi. Alinifundisha kwamba viti vya plastiki vinafungwa kwa safu za kumi na mbili, sehemu za kukalia zimeangalia nyuma, la sivyo upepo wa barabara ya Usagara utavifanya tanga. Alinifundisha kubeba vipande viwili vya mti vya kuzuia tairi, ingawa Mwanza mawe hayanunuliwi. "Jiwe utaliacha njiani kwa uvivu," alisema, "na mwenzako anayekuja nyuma atalikuta. Mti ni wako, utaukumbuka." Na alinifundisha jambo moja ambalo ndilo hasa nataka kuwaambia: dereva anayerudi nyuma ana mwitaji mmoja. Wakiwepo watu mia wanaosema njoo na simama, chagua mmoja, wengine wageuke kuwa kuku.

Hilo nalo niliandika. Nikalipigia mistari miwili.

Wiki mbili za kwanza nilifanya kazi za mjini na sikukwaruza kitu, ila nilichelewa kila mahali. Nilikuwa siwezi kuegesha gari likiwa limepinda. Kama tairi la nyuma halikuwa sambamba na ukuta, natoka, naingia tena. Pale yadi niliweka makopo ya rangi matupu nikafanya mazoezi ya rivasi saa ya chakula, wenzangu wakila ugali na dagaa huku wanatazama kama wako uwanja wa mpira. Nilikuwa naweza kuingiza lile Fuso katikati ya makopo bila kugusa hata moja. Nilijiona nimeiva.

Jumamosi ya wiki ya tatu ikaja harusi ya Sengerema. Ilikuwa kubwa, malori yote mawili yalihitajika. Siku hizi mnapita darajani mkisikiliza muziki, mnakata upepo, mnafika hata soda haijapata joto. Sisi tulivuka kwa maji, na siku ile tulipangiwa kivuko kimoja kidogo chenye mlango mmoja tu. Maana yake unaingia kwa rivasi ili ng'ambo utoke kwa mbele. Lori linaingia kwanza, linakaa katikati kuweka uzito sawa, ndipo magari madogo yanajipanga pembeni yake, ndipo watu wanapanda kwa miguu. Lori lisipoingia, hakuna anayeingia.

Da Kulwa aliondoka na safari ya kwanza akiwa na maturubai na vibarua wote, ili wakaanze kusimika. Mimi nilibaki na viti mia tano na masufuria kusubiri safari ya pili, saa nne asubuhi. Saa nane wageni wangeanza kukaa. Kabla hajaondoka alichomoza kichwa dirishani.

"Profesa. Mwitaji mmoja."

"Ndiyo, dada."

"Sema."

"Mwitaji mmoja."

"Na usitoke kwenye gari kupima na rula."

Kilipofika kivuko nikageuza lori, nikaweka rivasi, nikaangalia vioo. Mikono ilikuwa imetulia. Nilikuwa na mwaka wa Canter na wiki tatu za makopo. Nikarudi nyuma nikiwa nimenyooka kama uzi. Matairi ya nyuma yakapanda kwenye ule mlango wa chuma. Ndipo kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari kikatokea: kivuko kikashuka. Kilizama kidogo chini ya uzito, kikajisogeza kushoto, kwa upole kabisa, kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Mstari wangu ulikuwa umenyooka lakini mlango haukuwepo tena pale nilipouacha.

Nikashika breki. Nikatoka, nikaanza upya.

Mara ya pili kivuko kilikwenda kulia. Mara ya tatu nikaogopa kabla ya kufika. Mfanyakazi wa kivuko alikuwa nyuma ananipa ishara kwa mikono, lakini wakati huo watu waliokuwa wanasubiri walikuwa wameshanizunguka, na mnawajua watu wa Mwanza: hakuna asiyejua kuita gari.

"Kata kulia! Kata yote!"

"Kulia gani? Kushoto, dereva, kushoto!"

"Mwache anyooke!"

"Njoo, njoo, njoo, njoo... simamaaa!"

"Huyo dereva au anatafuta namba kwenye timu?"

Nilijua sheria. Ilikuwa na mistari miwili chini yake. Lakini ninawaambia ukweli: niliwasikiliza wote. Kila mmoja niliona huenda ndiye yuko sahihi, na nilitaka nisimkosee hata mmoja. Mwanamume mwenye baiskeli akisema kulia, nakata kulia. Kijana wa bodaboda akisema kushoto, narudisha. Nilitoka na kuingia mara saba. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Mara ya saba tairi lilifika sentimita chache kutoka ukingoni na kundi zima likapiga ukelele mmoja, kisha likacheka. Yule mfanyakazi akaja dirishani.

"Braza, tukupatie mtu akuingizie?"

Aliuliza kwa wema. Lakini mimi nilisikia sauti ya Mama Rehana ikisema hatugombani, nikaona baba akiwa na suruali ya mtu mkononi anatafuta la kusema. Nadhani nilikuwa karibu kulia, na kama nililia kidogo, jasho lilinisitiri.

Ndipo mlango wa upande wangu ukagongwa kwa kiganja. Alikuwa mama mnene mwenye matenga matupu manne, yamepangwa moja ndani ya jingine. Baadaye nilijua anaitwa Mama Nyangeta, alikuwa anatoka soko la Mwaloni kuuza dagaa na anarudi kwake Sengerema.

"Kijana, mimi nina mtoto wa kunyonyesha ng'ambo."

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani, nataka kuvuka. Funga dirisha la upande ule. Hili liache. Mimi nakwenda kusimama kule ndani. Niangalie mimi tu."

"Mama, unajua kuendesha?"

"Hata baiskeli sijui. Lakini nimeona malori yakiingia hapa tangu wewe unatambaa. Likianza kwenda vibaya nalijua kabla yako." Akawageukia watu. "Na ninyi, atakayesema neno nitamvisha tenga!"

Akapanda kivukoni, akasimama mahali ninapoweza kumwona kwenye kioo, mikono juu, kanga ikipepea. Yule mfanyakazi akacheka, akampisha, akabaki pembeni kuhakikisha usalama. Nikafunga dirisha la kushoto. Kelele zikapungua nusu.

"Njoo," alisema. Hakupiga kelele, alisema tu kama anamwita mtu ndani ale. "Njoo. Njoo. Kata kwangu kidogo. Acha. Njoo."

Matairi yakapanda. Kivuko kikashuka, kikaanza kujisogeza, na mguu wangu ukakimbilia breki.

"Usisimame! Maji yanakuzoea. Njoo!"

Nikaondoa mguu. Na kweli, kivuko kilisogea, kikafika mwisho wake, kikarudi chenyewe. Sikuwa nimewahi kukipa nafasi ya kurudi. Kila mara nilikuwa nakimbia katikati ya mwendo wake. "Njoo. Kata kwangu. Njoo. Hapo! Hapo, baba, zima!"

Nikazima. Ufukwe mzima ukapiga vigelegele kama bibi harusi ameshuka. Nikashuka, nikaweka vipande vyangu vya mti nyuma ya tairi, nikaangalia. Lori lilikuwa limekaa upande. Si sana, labda shubiri moja, lakini lilikuwa limepinda na mimi nililiona.

"Mama," nikasema, "ngoja nitoke kidogo ninyooshe."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe ndiye unaoa leo?"

"Hapana."

"Basi kaa hivyohivyo."

Tulivuka. Nilikaa juu ya sufuria la pilau lililogeuzwa, yeye akakaa juu ya matenga yake, akanipa dagaa wa kukaanga kwenye karatasi. Nusu ya kwanza ya safari nilitazama ile shubiri. Nusu ya pili nilitazama ziwa, lilikuwa linang'aa mpaka linaumiza, na nikagundua nimekula dagaa wote bila kumbakizia. Akasema amezaa wanaume watatu, amezoea.

Nilifika kwenye harusi saa saba na nusu. Da Kulwa alikuwa amesimama katikati ya maturubai mawili yaliyosimama na moja lililokataa. Nilimwambia kila kitu palepale, mara saba, kelele, breki, mama wa dagaa. Nilikuwa siwezi kubeba kosa hata dakika kumi bila kumpa mtu anishikie. Alisikiliza huku anapokea viti.

"Mara saba?"

"Saba. Na ya nane ndiyo."

"Mimi mara yangu ya kwanza sikuingia kabisa. Niliingiziwa na dereva wa lori la ng'ombe." Akaweka viti chini, akacheka mpaka akashika mgongo. "Usimwambie mtu, Profesa. Hilo usiliandike."

Nisamehe, Da Kulwa; uliniruhusu wiki iliyopita.

Wageni walikaa saa nane na robo, na kwa harusi ya kwetu huko ni kuwahi. Mimi sikucheza. Nilikuwa nyuma ya lori naandika barua ya kurasa mbili kwa Mama Rehana, yenye mchoro wa kivuko, inayoeleza makosa yangu yote na kuomba aniongezee wiki moja ya majaribio. Jumatatu nikampa kwa mikono miwili. Aliisoma yote, akageuza mchoro juu chini, akaurudisha.

"Gari limekwaruzwa?"

"Hapana, mama."

"Viti vyangu vimerudi?"

"Vyote."

"Sasa hii barua ni ya nini? Nenda Igoma, kuna msiba, wanasubiri sahani."

Nikaenda Igoma. Wiki tatu zilikuwa zimeisha, naye hajasema kitu. Wiki ya nne nayo ikapita. Kila asubuhi nilichukua ufunguo kwenye msumari nikitegemea kuambiwa subiri kwanza. Mwezi wangu wa pili kazini nilimuuliza Da Kulwa kama amesikia lolote kuhusu matokeo yangu. Akaniuliza, "Ufunguo leo ulikuwepo?" Nikasema ulikuwepo. Akasema, "Basi," na kurudi kwenye kamba zake.

Miaka kumi na miwili nimepita hivyo. Nimekwama kwenye matope ya Buchosa nikiwa na kwaya nzima nyuma, wakaimba mpaka trekta likaja. Nimepeleka keki ya ngazi saba Misungwi nikiwa gia ya pili njia nzima, na foleni ya magari nyuma yangu ikinitukana kwa lugha nne. Nimechukua viti vya harusi asubuhi na kuvipeleka msibani jioni, vilevile, na nimejifunza kuvifuta punje za wali kabla. Nilianza kuegesha gari likiwa limepinda kidogo mwaka wa tatu hivi. Mwaka wa tano niliacha kushuka kwenda kuangalia. Mwaka wa saba nilimpeleka baba Sengerema, akakaa mbele na tepu ya kupimia shingoni, na alipoona kivuko kinashuka chini yetu akanishika mkono, nikamwambia, usiogope, maji yanatuzoea.

Mwezi uliopita nilipokwenda kukabidhi, Mama Rehana alikuwa kwenye kiti chake pale dukani, miwani yote miwili usoni. Tuliongea habari za jicho, za daktari, za nani atachukua gari. Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposhindwa kujizuia.

"Mama, samahani. Yale majaribio, hivi nilifaulu?"

"Majaribio gani, baba?"

"Yale ya wiki tatu. Ulisema wiki tatu uniangalie."

Alivua miwani moja, akaishika mkononi, akawa anakumbuka. Kisha akaanza kucheka taratibu, mabega tu.

"Wewe kijana," alisema. "Ulikuwa unakuja kila asubuhi umenuna, hucheki, hukai kula na wenzako, unapanga makopo yako ya rangi peke yako. Mimi nilikuwa namwambia Rehana, huyu atatuacha, huyu ameona mahali pazuri zaidi. Nilikuwa naogopa hata kukuuliza. Nilidhani ni wewe unayetujaribu sisi."